Rejeta Mbili za Alumini: Shajara ya Kupasha Joto Nyumba Kabla Mama Hajafika

Jumamosi, 14 Septemba 2024

Mama amekata tiketi. Atatua Heathrow tarehe 2 Novemba na atakaa nasi hapa Leicester, Uingereza, mpaka Machi. Nimehesabu kwenye kalenda ya jikoni: wiki saba kamili. Ndani ya wiki hizo, sebule na chumba cha nyuma atakacholala lazima vipate joto la kweli. Mtu aliyeishi Tanga miaka sabini na moja siwezi kumkaribisha kwenye sebule ya nyuzi 16.

Na nyuzi 16 ndizo tulizokuwa nazo Januari iliyopita, saa mbili usiku, boila (mtambo wa gesi unaopasha maji ya rejeta) ikiwa inawaka tangu saa kumi jioni. Nyumba yetu ni ya zile za mstari za enzi ya Malkia Victoria: kuta za tofali nene la inchi tisa lisilo na uwazi katikati, na sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya uvungu unaopitisha upepo. Sebuleni kuna rejeta moja ya chuma, bapa, isiyo na mapezi nyuma, chini ya dirisha. Mbele yake kuna kochi, kwa sababu kochi halina pengine pa kukaa. Joto lote linaishia mgongoni mwa kochi.

Mke wangu huziita hita. Mimi naandika rejeta, maana nimefunga na kufungua rejeta za magari miaka mingi, kwanza gereji ya Tanga, sasa karakana ya mabasi hapa. Ya gari hutoa joto kwenye injini na kulitupa nje. Ya ukutani inafanya kazi ileile, ila joto linalotupwa ndilo tunalolitafuta.

Nimezunguka chumba na futi mkononi. Ukuta pekee ulio wazi ni kipande cha sentimita 82 kati ya mlango na dohani. Rejeta ya kulala haiingii pale. Ya kusimama inaingia.

Jumapili, 15 Septemba

Leo ni hesabu tupu. Nimekataa kutazama rejeta yoyote kabla sijajua joto linatorokea wapi na kwa kiasi gani.

Nimechukulia nje ni nyuzi 3 chini ya sifuri na ndani 21, yaani tofauti ya nyuzi 24. Ukuta wa mbele, ukitoa dirisha, una mita za mraba 6.66. Tofali nene la namna hii hupitisha takriban wati 2.1 kwa kila mita ya mraba kwa kila uzi mmoja wa tofauti, hivyo wati 336 zinapotea hapo. Dirisha la vioo viwili vya kizamani, mita za mraba 2.7, nimelihesabia 2.8: wati 181. Sakafu, mita za mraba 15.1 kwa 0.7: wati 254. Kisha hewa. Chumba kina mita za ujazo 39, na katika nyumba kongwe kama hii nimekisia hewa yote inabadilika mara moja na nusu kila saa kupitia nyufa. Kuipasha hiyo hewa mpya kunataka wati 467.

Jumla ni wati 1,238. Nimeitazama karatasi muda mrefu. Kinachokula zaidi ni upepo, wala si ukuta wala dirisha. Kwa hiyo jioni hii, kabla ya kutoa hata senti moja ya rejeta, nimepigilia brashi chini ya mlango wa mbele, nimeziba pengo kati ya skatingi na mbao za sakafu sebule nzima, na dohani lisilotumika nimeliwekea puto la kuzibia. Hesabu ya rejeta nimeiacha vilevile, huo upungufu uwe akiba yangu.

Chumba cha Mama nimekitakia nyuzi 22. Hesabu yake imetoa wati 913.

Jumamosi, 21 Septemba

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na nusura nami nipotee, kwa hiyo naandika kwa kirefu.

Boksi la rejeta linaandikwa wati, au BTU (wati moja ni BTU 3.412 kwa saa). Namba ile ni ya kweli, lakini ni ya kweli kwa hali moja tu. Kipimo cha Ulaya, EN 442, kinachukua maji yanayoingia yakiwa nyuzi 75, yanayotoka 65, na chumba kikiwa 20. Wastani wa maji ni 70, ukitoa 20 unabaki na tofauti ya 50. Ukiyapunguza joto maji, rejeta ileile inatoa joto pungufu, na haipungui kwa uwiano ulionyooka: unachukua tofauti yako, unagawa kwa 50, unapandisha kwa kipeo cha 1.3 hivi. Tofauti ya 30 inakuachia nusu tu ya kilichoandikwa kwenye boksi. Na wapo wanaouza kwa kipimo cha zamani cha tofauti ya 60, ambacho kinaivimbisha namba kwa zaidi ya robo. Usilinganishe rejeta mbili kabla hujasoma maandishi madogo pembeni ya namba.

Kwa nini nisiendeshe maji kwa nyuzi 75 basi? Kwa sababu boila yetu ni ya kukamua mvuke. Maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi, mvuke ulio ndani ya moshi unageuka maji na joto lake linarudi kwenye mfumo badala ya kupotelea nje. Yakirudi na nyuzi 65, tunalipia joto linalopaa juu ya paa. Nataka niyapeleke na 65, yarudi na 50. Wastani 57.5, ukitoa 21 inabaki 36.5. Hesabu inatoa 0.66.

Wati 1,238 gawa kwa 0.66: nahitaji rejeta iliyoandikwa karibu 1,900. Nimeipata moja yenye urefu wa mita 1.8 na upana wa sentimita 57, iliyoandikwa wati 2,000 kwa tofauti ya 50. Ya chumba cha Mama ni nyembamba zaidi, wati 1,500.

Jumamosi, 28 Septemba

Nimeagiza. Zote za alumini, za kusimama.

Muuzaji alinisifia alumini kwamba inapitisha joto mara nne kuliko chuma. Ni kweli kabisa, ila hiyo siyo sababu yangu. Rejeta ikishashika moto, wati ni zile zilizo kwenye boksi, iwe alumini iwe chuma. Sababu yangu ni uzito na maji. Hii ya sebuleni ina kilo 21 na inabeba maji lita chache. Za chuma za kimo hicho nilizozitazama zilikuwa nzito zaidi ya mara mbili, na ukuta wangu ni plasta ya chokaa ya zamani inayopukutika ukiigusa. Tena maji yakiwa machache, rejeta inashika moto mapema. Mama akiamka kwa alfajiri hatakuwa na saa nzima ya kusubiri.

Kusimama nako kuna hasara yake, naiandika ili nisijidanganye. Rejeta ya chini ya dirisha inazuia ule ubaridi unaomwagika kutoka kwenye kioo. Ya kusimama iliyo mbali na dirisha haiuzuii, na joto lake linapanda moja kwa moja hadi dari. Kwa hiyo mke wangu anashona pazia zito lenye bitana. Kama ningekuwa na nafasi chini ya dirisha, ningeweka ya kulala na nisingefikiri mara mbili.

Jumamosi, 5 Oktoba

Siku ya maji machafu.

Nimemwomba mzee wa nyumba ya tatu aje kuniangalia. Ni Mhindi aliyezaliwa Jinja. Aliingia Leicester mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, na akafanya kazi ya mabomba ya joto mpaka akastaafu. Macho yake sasa hayaoni vizuri, lakini masikio na vidole viko sawa. Tunaongea Kiswahili. Hana mtu mwingine wa kuongea naye Kiswahili mtaani, na huja hata nisipomwita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Leta kiti. Kwanza maji, rejeta nyuma."

Nimefunga mpira kwenye koki ya chini na kuupeleka kwenye bomba la maji taka. Yametoka maji meusi kama wino. Nimeyachota kwenye chupa, nikaisogeza sumaku ubavuni mwa chupa: weusi wote ukakimbilia upande ule. Ni kutu ya chuma cha rejeta za zamani, iliyosagika ikawa unga. Kwenye gari ningemfokea mwanafunzi aliyeacha kulanti, maji ya kupozea injini, ikafika hali hii.

Nimetia dawa kali ya kusafishia, nimewasha mfumo kwa muda wa saa tatu, nikamwaga, kisha nikaanza kusuuza. Nyuma ya chupa imeandikwa isitumike penye alumini. Alumini zetu bado ziko kwenye boksi, nitakuwa nimeshasuuza kabla hazijafungwa. Namna ya kusuuza ni kufunga vali zote ukiacha moja, maji ya bomba yapite pale kwa nguvu mpaka yatoke meupe, halafu unahamia nyingine. Ya chumba cha watoto nimeisuuza dakika tano tu kwa sababu mdogo alikuwa amelala.

Kifuniko cha boila sikukigusa. Sheria ya hapa ni kwamba kazi ya gesi inafanywa na fundi aliye kwenye rejista ya Gas Safe. Mabomba ya maji na rejeta naruhusiwa kuyafanya mwenyewe.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeng'oa mbao nne za sakafu. Mabomba ya shaba ya milimita 15 yanapita sambamba na miti ya sakafu hadi chini ya dirisha. Nimeyakata nusu ya njia na kuyageuza kwenda kwenye ukuta wa dohani. Yote nimeyalehemu nje uani kadiri nilivyoweza, kisha nikayaingiza, maana mbao hizi zimekauka zaidi ya miaka mia na moto wa kulehemu chini yake unanitia hofu. Viungo viwili tu nimelehemu mlemle uvunguni, nikiwa nimetanguliza kitambaa cha kuzuia moto na ndoo ya maji. Kisha nimeyavika sponji mabomba yote. Joto linalovujia uvunguni halimfai mtu.

Mzee ameniambia jambo moja ambalo gereji nalijua kwa jina jingine: alumini isikutane na shaba uso kwa uso. Zikiwa ndani ya maji mamoja, alumini ndiyo inayoliwa. Kati yake kuna vali za shaba nyeupe zilizopakwa nikeli, na maji yenyewe lazima yawe na dawa ya kuzuia kutu inayokubali alumini.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimetundika zote mbili. Tundu la kwanza la sebuleni limenikatisha tamaa: keekee imezama kwenye plasta kama kwenye mkate, halafu ikakutana na mchanga wa maungio badala ya tofali. Nimelijaza, nimepanda sentimita nne, nimepata tofali zima. Vishikizo vinne, skrubu za milimita 80, plagi za plastiki za kuzamisha. Kipande cha kadibodi cha boksi ndicho kimekuwa ramani yangu: nimekiegemeza ukutani, nimekinyoosha kwa pima maji, nimetoboa penye alama.

Kichwa cha vali ya joto nimekilaza, hakikusimama juu ya bomba. Kikisimama, joto linalopanda kutoka kwenye bomba linakidanganya kwamba chumba kimepata moto, na kinajifunga mapema.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimejaza maji, nimepandisha presha hadi bar 1.3, nimetia dawa ya kuzuia kutu, nimetoa hewa. Hakuna kiungo kilichovuja. Nimepitisha karatasi ya tishu kwenye kila nati, imetoka kavu.

Kisha nimewasha. Ya Mama imeshika moto juu hadi chini baada ya dakika sita. Ya sebuleni imepata moto chini, kipande cha kimo cha goti, na kuanzia hapo kwenda juu ni baridi kama chupa ya dukani. Nimetoa hewa tena. Yametoka maji matupu. Nimefungua vali zote mpaka mwisho. Bado.

Mzee alikuja saa kumi. Hakuitazama hata rejeta. Alinituma nizime boila, mabomba yapoe kabisa, niwashe tena nikiwa nimeshika mabomba yote mawili. La kulia ndilo lililopata moto kwanza. Mimi nilikuwa nimefunga nikiamini la kushoto ndilo linaloleta. Ndani ya rejeta hizi za kusimama zenye miguu miwili iliyokaribiana, kuna kibamba kinachoyalazimisha maji yapande juu kabla ya kurudi. Yakiingilia upande usiostahili, yanapita njia ya mkato chini na kuondoka.

"Kabla kukata bomba, shika bomba," mzee alisema. "Mkono yako iko kipimo."

Chini ya sakafu mabomba yalikuwa yamepishana mahali nisipopaona. Dakika mbili za kuyashika kabla ya kumwaga maji zingeniambia.

Jumapili, 20 Oktoba

Mbao nimezing'oa upya, mabomba nimeyapisha, mbao nimezirudisha. Saa kumi na mbili jioni rejeta ya sebuleni ilikuwa na moto hadi kichwani. Nimechoka sana, lakini nimelala vizuri.

Jumapili, 3 Novemba

Mama amefika. Jana usiku tulipoingia mlangoni alikuwa amejifunga kanga mbili juu ya koti. Alienda moja kwa moja kwenye rejeta ya sebuleni, akaigusa kwa nyuma ya kiganja kama anavyogusa paji la mtoto mwenye homa, kisha akaigeukia, akaipa mgongo na kufumba macho. Hakusema neno kwa dakika nzima.

Nyuzi 21 sebuleni. Chumba chake 22.

Jumamosi, 16 Novemba

Kuna tatizo. Wiki iliyopita Mama aliniuliza: "Mwanangu, mbona hili lako linanguruma tumbo usiku?" Nilidhani ni hewa ya mwanzo, nikaitoa. Siku mbili baadaye ikarudi. Leo nimetoa hewa kwa mara ya tano, na mara zote ni juu ya rejeta hizi mbili tu. Kila nikiitoa, presha inashuka. Kila presha ikishuka naongeza maji mapya. Na maji mapya yanaleta oksijeni mpya ndani ya mfumo. Hilo ni duara ambalo gereji nimeliona likiua injini.

Hewa ya kujazia huisha ndani ya siku chache. Hii inazaliwa humo ndani.

Jumapili, 17 Novemba

Asubuhi nilikuwa mezani na karatasi za kupimia pH (namba ya uchachu au ukali wa maji, 7 ikiwa katikati) na kikombe cha maji ya rejeta. Karatasi ilikwenda kwenye rangi ya 9 na kupita kidogo. Mama alikuwa anachambua maharage. Akauliza nafanya nini, nikamweleza kwa urahisi: maji ya rejeta yana ukali kama wa magadi.

Akaacha kuchambua. "Na hizo umesema ni za nini?"

"Alumini, Mama."

"Kama sufuria?"

"Kama sufuria."

"Basi unatafuta nini? Magadi na sufuria wapi na wapi. Ukiyatia kwenye maharage ukayasahau, sufuria inakuwa nyeusi ndani, na haing'ai tena mpaka uisugue na mchanga."

Nimeliona jambo hilo jikoni kwake tangu utotoni na halikunijia akilini hata mara moja. Alumini inajilinda kwa ngozi nyembamba ya oksidi. Maji yakiwa karibu na pH 7 ngozi hiyo inakaa. Yakipanda zaidi ya 8.5, inaanza kuyeyuka, alumini iliyo uchi inashambuliwa na maji, na gesi inayotoka ni haidrojeni. Ndiyo inayonguruma tumboni. Na gesi hiyo inawaka: nimewaambia watoto na mke wangu, mtu yeyote asitoe hewa kwenye rejeta karibu na kiberiti wala mshumaa.

Ukali umetoka wapi? Sina haja ya kutafuta mbali. Nimefungua kurasa za nyuma za daftari hili: dakika tano, chumba cha watoto, tarehe 5 Oktoba. Dawa ya kusafishia ilibaki kwenye rejeta ile, na tangu siku tulipowasha imekuwa ikizunguka nyumba nzima.

Rejeta zina siku 29 tu.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemwaga maji yote na kusuuza upya, safari hii kwa saa, sio kwa macho. Kila rejeta dakika ishirini, maji ya bomba yakiingia upande mmoja na kutoka mwingine, na kila moja nimepima pH ya maji yanayotoka nikilinganisha na ya bombani. Ya chumba cha watoto ilianza na 9.6. Watoto wote walihamia kwa Mama, wakalala kitandani kwake, wakasimuliwa habari za Tanga mpaka saa tano usiku.

Ya sebuleni nimeishusha ukutani, nimeichungulia kwa tochi kupitia tundu la chini. Ndani kuna madoa ya kijivu, hakuna shimo. Nimeshukuru kwa sauti.

Nimejaza tena na dawa mpya ya kuzuia kutu, chupa inayosema waziwazi inafaa alumini na kuweka pH mahali pake. Kwenye bomba la kurudi, kabla ya boila, nimefunga kichujio cha sumaku. Fundi wa gesi alikuja Ijumaa kwa ukaguzi wa mwaka na nikamwonyesha karatasi zangu. Akasema boila nyingi zina tumbo la alumini ndani, pale moto unapopasha maji, na mwenye nyumba asiye na rejeta hata moja ya alumini anaweza kuiharibu boila yake kwa kosa hilihili. Yetu ina tumbo la chuma cha pua.

Usiku, baada ya saa mbili za moto: pH 7.6.

Jumamosi, 7 Desemba

Wiki mbili, hakuna mngurumo. Nimefungua vali ya hewa ya sebuleni: maji tangu tone la kwanza. Presha 1.3, haijasogea. pH 7.7.

Leo nimesawazisha. Hizi mbili zilikuwa zinayavuta maji mengi kwa kuwa ziko karibu na boila, na bafuni juu kukawa na uvuguvugu tu. Nimebana vali za kurudishia za chini robo mzunguko kwa robo mzunguko, nikipima bomba la kuingia na la kutoka kwa kipimajoto cha kubana, mpaka kila rejeta ikapoteza nyuzi 15 hivi. Ni kazi ya subira. Ukigusa moja, zote zinabadilika, na lazima usubiri dakika kumi kabla ya kusoma tena. Ilinichukua tangu adhuhuri hadi magharibi.

Kwa kuwa siku hizi nje hakushuki chini ya nyuzi 2, nimeteremsha maji ya boila hadi 60. Hesabu inasema sebule kwa nyuzi 2 za nje inataka wati 980, na rejeta kwa maji hayo inatoa karibu 1,100. Kipimajoto cha ukutani kinakubaliana na daftari.

Mama amezoea kuanika kanga juu ya rejeta ya chumbani mwake. Inaziba njia ya hewa ya moto na chumba kinapoa. Nimemfungia kamba pembeni, sentimita thelathini kutoka kwenye rejeta. Kanga zinakauka vilevile.

Ijumaa, 10 Januari 2025

Usiku wa kuamkia leo ndio niliousubiri tangu Septemba. Saa moja asubuhi kipimajoto cha uani kilikuwa nyuzi 4 chini ya sifuri, barafu imeganda kwenye vioo vya gari kama chumvi. Maji ya boila nilishayarudisha 65 tangu jana jioni.

Sebule: nyuzi 20.5. Nilikuwa nimehesabu 21 kwa nyuzi 3 chini ya sifuri, kwa hiyo nusu uzi inayopungua siilalamikii. Chumba cha Mama: 22.

Nilimkuta ameshaswali, ameketi kwenye mkeka kwa mgongo ukielekea rejeta, mtoto mdogo amelala mapajani. "Imeshiba leo," alisema kwa sauti ya chini asimwamshe. "Haingurumi."

Mzee wa Jinja atakuja kesho kunywa chai. Mama anampikia maharage, na magadi nimeyaona ameyaweka kwenye chungu.

pH ya leo 7.7. Kipimo kinachofuata nimekiandika kwa kalamu nyekundu nyuma ya mlango wa kabati la boila: 10 Aprili.